Simu ya Mama Shija Iliyokataa Chaji

Fundi simu hapewi barua ya kustaafu wala hafanyiwi sherehe. Siku moja unashika bisibisi ndogo kuliko zote, unakosa kichwa cha skrubu mara tatu mfululizo, mteja anajifanya hakuona, na wewe unajifanya hukuona kwamba ameona. Nilivumilia miezi miwili ya namna hiyo, kisha nikawaachia meza. Ninyi mliobaki hapo mmeniomba niandike ninayoyajua kuhusu kazi. Ninayoyajua ni machache, na mengi yake nimeyajua kwa kukosea, kwa hiyo msitegemee sifa.

Nilianzia Shinyanga mjini, kwa Mzee Mihayo, fundi redio aliyekuwa na sikio zuri na maneno machache. Siku ya kwanza alinipa redio ya mbao, akaniambia niifungue. Nikaifungua kwa haraka ili aone mimi ni mwepesi. Akazikusanya skrubu zote nilizozitoa, akazichanganya kiganjani, akanirudishia: "Haya, funga." Ilinichukua siku nzima, na redio ilifungika upande mmoja ukiwa juu. Mzee akaitazama, akasema, "Skrubu haina jina, lakini ina kwao." Tangu siku hiyo mimi hupanga skrubu juu ya karatasi kwa mpangilio wa mahali zilipotoka. Mmenicheka sana kwa hilo, na mmenipigia simu mara ngapi kuuliza skrubu iliyobaki ni ya wapi?

Mzee Mihayo alinifundisha pia kuweka alama. Kila alichokifungua alikiandika ndani kwa kalamu ya wino, herufi yake na namba ya mwezi, mahali ambapo mteja hawezi kupaona. Alikuwa akisema, "Mtu akikurudia na kesi, fungua kwanza utafute mkono wako. Ukiukuta, nyamaza urekebishe. Usipoukuta, hapo una ruhusa ya kuongea." Mimi nikachukua herufi L, ya Luhende. Ipo ndani ya simu nyingi za Geita hii kuliko nyingine yoyote, nadhani.

Jambo la tatu alilonifundisha lilikuwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Redio za vijijini, mbali na mnara, zilikuwa zikikwaruza tu. Mzee aliikunja ile karatasi, akaigusisha kwenye antena, na sauti ikaja. Wakati mwingine ilikuja kweli. Mimi sikuuliza kwa nini inakuja, wala kwa nini siku nyingine haiji. Hilo ndilo kosa langu la kwanza, nami nililibeba kwa miaka mingi bila kulijua.

Nilipohamia Geita redio zilikuwa zimeshakwisha kazi, kila mtu ana simu. Simu za huku haziugui kama za kwingine. Mchimbaji anashuka nayo shimoni, anapanda nayo ikiwa na tope, anaifuta kwa shati lenye tope zaidi. Aliye karibu na karasha la kusagia mawe anavuta vumbi siku nzima, na simu yake inavuta nalo. Zana yangu kuu haikuwa mashine yoyote. Ilikuwa mswaki laini, spiriti, kibano na taa ya kichwani niliyonunua kwa mchimbaji aliyeacha kazi. Ukileta simu isiyoingiza chaji, nusu ya tatizo imo ndani ya tundu, imeshindiliwa. Na tafadhali waambieni watu waache kutumbukiza simu zilizolowa kwenye mchele. Maji hayatoki kwa njia hiyo, ila punje huingia. Nimewahi kutoa punje tatu kwenye tundu moja, mwenyewe akaniuliza kama ni za Kahama.

Kisha zikaja simu za kuchaji bila waya, na vile visahani vyake. Mwanzoni jamaa mmoja mnunuzi wa dhahabu aliweka kitochi chake, simu ndogo ya vitufe, juu ya kisahani kutwa nzima, akaja kulalamika. Nikamweleza kwamba simu yake haina koili ya kupokelea umeme mgongoni. Akaniuliza koili inauzwa duka gani. Sikumcheka, maana mimi mwenyewe nilikuwa nimejifunza habari ya koili wiki iliyotangulia.

Sasa niwape kesi moja kwa kirefu. Nyingine mtazipata wenyewe.

Mama Shija mnamfahamu, anapika chakula kule mwaloni, pale wanapoosha mawe ya dhahabu. Jina lake la nyumbani ni Kabula. Alikuja asubuhi, hata sijafagia, akaniamkia na kuniwekea simu mezani pamoja na kisahani kipya kwenye boksi lake.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba, mayu, mama yangu. Imefanya nini?"

"Imekufa wiki tatu. Tundu la waya liliungua kwa jenereta la pale mwaloni. Wakaniambia simu hii inachaji hata bila waya, nikanunua hiki. Inakataa. Na keshokutwa nina baraza."

Akaketi kwenye benchi na kunieleza. Baba yake, kabla hajafariki, alitembea naye shambani kwao, nje ya mji, akamwonyesha mpaka wa shamba, mti mmoja wa mnyaa hadi mwingine. Yeye akamrekodi kwa simu, video moja tu. Hakuituma kwa mtu yeyote kwa sababu kulikuwa hakuna sababu. Mzee akazikwa. Muda si mrefu jirani yao, Ngassa, akaruhusu wachimbaji waingie upande wa shamba la mzee, minyaa ikang'olewa, na sasa anasema mpaka haukuwahi kuwa pale. Baraza la kata lilikuwa limewaita kuwasuluhisha. Mashahidi wazee walikwisha kufa, na Ngassa alikuwa akisema kila mahali kwamba hakuna video, na kama ipo basi ni ya kutengenezwa.

"Kwa hiyo fundi, usiifungue nikiwa sipo," akasema. "Ukiifungua, nitakuwa hapa hapa."

"Hata choo utaahirisha?"

"Hata choo."

Nilimpenda mteja huyo tangu hapo. Mimi pia nina ukaidi wangu, na nikajiapiza kwamba simu ile itawaka hata kama nitaipulizia kwa mdomo.

Angalieni nilivyokwenda, maana wengi wenu mnarukia bloa ya hewa moto kabla hamjatumia macho. Nilianza na kisahani. Nikakichomeka kwenye adapta yangu yenye nguvu, kwa sababu adapta za kitochi hazikiwezi, nikaweka juu yake simu yangu. Taa ikawaka, simu ikaingiza chaji. Kisahani ni kizima. Nikaweka simu ya Mama Shija. Taa ikawaka, ikapepesa mara tatu, ikazima. Nikasogeza simu juu, chini, kushoto, maana koili isipokutana na koili hakuna kinachopita. Ikapepesa tena, ikazima.

Nikavua kava. Hiyo ndiyo hatua ya kwanza kwa kweli, na niliifanya ya tatu kwa sababu ya kiburi. Ndani ya kava kulikuwa na bamba la chuma jembamba, la kunasia simu kwenye sumaku ya bodaboda. Nikacheka kwa furaha. Chuma kikikaa kati ya kisahani na simu, kisahani kinahisi kitu kigeni na kinajizima kabla hakijaunguza kitu. Nikamwonyesha Mama Shija lile bamba, nikamwambia, "Mchawi wako huyu hapa."

Nikaweka simu bila kava. Ikapepesa mara tatu, ikazima.

Mama Shija alilichukua lile bamba, akalitia mfukoni.

Nilisafisha mgongo kwa spiriti. Nikabadili kisahani, nikaazima cha jirani. Nikasubiri simu ipoe, maana ilikuwa imekaa juani mkobani na simu ya moto hukataa chaji. Kila mara jibu lilikuwa lile lile. Kilichonisumbua ni kwamba kisahani hakikuwa kinasema hakuna simu. Kilikuwa kinasema kuna chuma. Nami nilikuwa nimeshatoa chuma.

Tundu la waya nililitazama pia. Sistimu chaji, yaani kile kipande chenye tundu, ilikuwa imeungua hadi kwenye bodi, na ya kubadilisha ingetoka Mwanza, isingefika kabla ya baraza. Ikabaki njia moja. Nikamwambia, "Mama Shija, lazima nifungue mgongo."

"Fungua. Ninaangalia."

Nikapasha kioo cha nyuma taratibu, gundi ikalegea, nikapitisha kadi ya plastiki pembeni kote. Kioo kikainuka. Chini yake, juu ya koili kabisa, ilikuwa imelazwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, imekunjwa vizuri, imepigwa pasi kwa ukucha. Na kwenye ukingo wa karatasi, kwa kalamu ya wino, herufi L na namba ya mwezi.

Ikanijia. Miaka miwili iliyopita aliniletea simu hiyo hiyo, kioo cha nyuma kimepasuka. Akalalamika kwamba kijijini kwao mtandao hausomi. Nikambadilishia kioo, na kwa wema wangu nikamwekea karatasi ya Mzee Mihayo ivute mawimbi. Sikumwambia. Alikuwa akichaji kwa waya, kwa hiyo karatasi haikumdhuru. Ilikaa pale miaka miwili ikisubiri siku waya utakapokufa.

Ningeweza kuitoa kwa kibano na kuikunja kiganjani. Alikuwa anaangalia, ndiyo, lakini hakujua anachokiangalia. Karatasi ndogo tu. Ningesema ni uchafu na angeamini. Nawaambieni ukweli, nililifikiria hilo, na si kwa sekunde moja tu.

"Hii nimeiweka mimi," nikamwambia.

"Gashi? Kumbe ni wewe?" akasema. "Ya nini?"

"Nilidhani inasaidia mtandao."

"Ilisaidia?"

"Hapana. Haiwezi kusaidia. Na ndiyo iliyokuwa inakataza chaji."

Akaitazama karatasi, akanitazama mimi. "Wiki tatu sijalala, Baba Milembe," akasema, akiniita kwa jina la mwanangu. Hakupaza sauti. Ni afadhali angepaza.

Nikaitoa karatasi, nikaiweka kwenye mfuko wa nailoni na kumkabidhi yeye, si mimi nikae nayo. Nikaikagua koili, haikuwa na mahali palipoungua. Nikarudisha kioo bila gundi, nikakishika kwa mpira, nikaweka simu kwenye kisahani. Taa ikawaka na kubaki imewaka. Lakini simu yenyewe ilibaki giza. Betri iliyolala wiki tatu haiamki kwa kuitwa mara moja. Mama Shija akaniuliza kama imewaka, nikasema bado. Akauliza tena, nikasema bado. Halafu umeme ukakatika mtaa mzima.

Nilikuwa na betri ya sola ya kuwashia taa. Nikaibeba hadi mezani, nikaunganisha adapta, tukaanza upya. Nilikataa wateja wanne mchana ule, jambo ambalo jirani yangu analisimulia mpaka leo. Baada ya dakika zipatazo arobaini kioo kikaonyesha alama ya betri tupu, na mstari mwembamba mwekundu. Mama Shija akaitazama bila kupepesa.

Simu ilipowaka kabisa sikumruhusu hata aangalie ujumbe. Tuliitafuta video, tukaituma kwa mdogo wake Mwanza na kwa dada yake Kishapu, nikaiweka pia kwenye kadi ya kumbukumbu. Shikeni hilo kuliko yote: kilicho ndani ya simu kitoke kwanza, matengenezo yafuate. Baada ya hapo ndipo tuliitazama. Mzee amesimama na fimbo yake, anakohoa, anaugusa mnyaa na kusema, "Huu. Halafu ule. Unanipiga picha au unaongea na watu?" Mama Shija akacheka, kisha akalia, kisha akafunga simu na kuniambia niende naye barazani.

Sikutaka kwenda. Barazani wangekuwa watu wa vijiji vitatu, na nusu yao simu zao zimepita mezani kwangu. Lakini nilikuwa nimemnyima usingizi wiki tatu, kwa hiyo nilifunga kibanda nikaenda, na kisahani na ile betri ya sola mgongoni mwa bodaboda.

Ofisi ya kata ilijaa. Video ilipoonyeshwa watu walisogea karibu, kwa sababu sauti ya mzee waliijua. Ngassa akasimama. Ni mtu anayejua kuongea.

"Mwenyekiti, mimi simtukani marehemu. Nauliza tu. Simu hii imekufa wiki tatu, kila mtu mwaloni anajua. Juzi imeingia kwa fundi. Leo imefufuka na ina video. Huko kwa fundi imefanywa nini?"

Watu wakaguna. Mwenyekiti, mama mmoja mwenye miwani, akauliza kama fundi yupo. Nikasimama.

Nilikuwa nimejiandalia jibu fupi: betri ilikuwa imelala. Si uongo. Lakini nilijua Ngassa angeuliza kwa nini ililala, na jibu fupi lingefungua mlango mwingine, na mwingine, na Mama Shija ndiye angeulipia kila mlango. Nikaomba meza. Nikaunganisha kisahani, nikaweka simu ya Mama Shija, taa ikawaka na simu ikaonyesha inaingiza chaji. Nikamwomba mwenyekiti aje aone kwa karibu. Kisha nikauomba ule mfuko kwa Mama Shija, nikatoa karatasi ya sigara, nikaiweka kati ya simu na kisahani. Taa ikapepesa mara tatu, ikazima. Nikaitoa, nikaanza tena, ikawaka. Nikarudia mara tatu mpaka waliokaa nyuma wakasimama juu ya mabenchi.

"Simu haikuingizwa kitu juzi," nikasema. "Ilitolewa kitu. Hiki hapa. Mwenye simu alikuwa ameketi mbele yangu tangu nilipoifungua mpaka nilipoifunga."

"Na nani alikiweka?" akauliza mwenyekiti.

"Mimi. Miaka miwili iliyopita. Alama yangu hiyo pembeni."

"Kwa sababu gani?"

"Kwa kutojua, Mwenyekiti."

Walicheka, na kicheko kilikuwa kirefu. Mzee mmoja karibu na mlango akatoa simu yake mfukoni, akaigeuza, akautazama mgongo wake. Nikahisi masikio yanaungua. Nilisimama hapo hapo mpaka wakamaliza, kwa sababu ukiketi watu wanacheka unaonekana umeshindwa, nami sikuwa nimeshindwa, nilikuwa nimekosea.

Mwenyekiti akaamua twende shambani na video mkononi. Wakasimama mahali mzee aliposimama, wakalinganisha kilima kilichoonekana nyuma yake, wakachimba kwa jembe. Mnyaa ukiung'oa kwa haraka mizizi hubaki. Ilikuwepo, ikitoa utomvu mweupe, shimo baada ya shimo, kwenye mstari mmoja. Ngassa akatazama lile la nne, akasema basi. Akatia sahihi kwamba wachimbaji wataondoka upande ule.

Jumatatu nilipofungua kibanda nilikuta foleni. Nilidhani nimeharibikiwa, na kwa namna fulani ilikuwa hivyo: wote walikuja niwafungulie simu waone kama na zao zina karatasi. Kumi na moja zilikuwa nazo. Niliwatolea wote bila malipo, na kwa kila mmoja nilisema kwa mdomo wangu kwamba niliweka mimi na kwamba haifai. Wa kwanza ilikuwa ngumu. Wa kumi na moja nilikuwa nasema huku natafuta skrubu. Wapo waliohama, wakaenda kwa fundi wa stendi, na sikuwafuata.

Mama Shija hakuwa kwenye foleni ile. Alikuja baada ya wiki tatu, sistimu chaji ya kutoka Mwanza ilipofika, akaketi kwenye benchi lile lile nikambadilishia. Nikamwambia ukweli uliokuwa unanikereketa: kwamba baada ya niliyomfanyia, sikutegemea angeniletea simu tena, na pale stendi kuna vijana wazuri, wamesomea.

Alikuwa anahesabu viazi alivyokuja navyo kwenye kapu, hakuinua macho.

"Wewe fundi nakujua unapokosea," akasema. "Hao wengine bado hawajaniambia."